Shali Nyeusi Kwenye Blogu

Letlhakane, 9 Novemba 2014

Binti yangu Boikanyo,

Habari za Maun? Kagiso na wajukuu wangu wazima? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanayonikumbusha umri.

Barua yako ya safari ya mtoni niliwasomea wenzangu wa kanisani. MmaSetso akasema natunga! Eti tembo gani huyo wa kuwazibia njia saa nzima? Nilikasirika. Anzisha hiyo blogu, mwanangu. MmaSetso ana simu ya maana, atajisomea mwenyewe afunge mdomo. Na mimi nitasafiri humo humo. Unajua tangu baba yako afariki mwezi wa tano nimo ndani ya nguo nyeusi, hata harusi ya jirani siendi mpaka mwaka uishe.

Mama yako

Maun, 6 Desemba 2014

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, ila mjukuu wako Warona ana mafua.

Haya, umenishinda. Blogu nimeanzisha, lakini shingo upande. Mimi ni nesi, Mama, nimezoea kuandika kadi za wagonjwa. Siku nne nzima nimepata sentensi moja: "Tulisafiri vizuri." Kagiso akacheka, "Mke wangu, hiyo ni taarifa ya polisi!" Na kuwaanika watoto wangu kwa watu nisiowajua kunanitia haya. Mpaka sasa nina wasomaji saba, watano wa kanisa lako.

Mwanao, Boikanyo

Letlhakane, 22 Februari 2015

Boikanyo wangu,

Mmeamkaje huko? Mafua ya Warona yameisha? MmaSetso hunisomea kila Jumapili, siku hizi ananiita mama wa mwandishi.

Nasikia mvua imejaza bonde la Makgadikgadi na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wametua maelfu. Baba yako aliniahidi kunipeleka, miaka thelathini na moja. Kila mwaka ilikuwa ng'ombe kwanza.

Ngoja nikwambie la moyoni. Nimechoka kusomewa. Nipitieni alfajiri Jumamosi ya tarehe saba, mnirudishe kabla jua halijazama. Najua mjane hatembei. Baba yako mdogo Mothusi akijua ataniongezea miezi, na imebaki miwili na ushei nivuliwe nguo hizi. Kwa hiyo usinitaje popote. Niapie.

Mama yako anayekutegemea

Maun, 17 Machi 2015

Mama,

Shikamoo. Hata hali yako naona aibu kuiuliza. MmaSetso kanipigia, anasema Baba Mdogo ameitisha kikao cha ukoo.

Nisamehe, Mama. Niliandika safari yote bila jina lako. Nikaondoa hata pale Warona aliposema, "Bibi kacheka mpaka kalia." Halafu nikaweka picha ya watoto wanakula magwinya, yale maandazi yetu, nisiangalie wamekalia nini. Shali yako nyeusi! Nani kwetu asiyejua kuwa shali ile haitoki nyumbani bila mjane wake? Kijiji kizima kimeelewa.

Ukweli ni kwamba kuandika kulishaanza kuninogea, nikajisahau. Naifuta blogu yote. Wamekuamulia nini? Niambie.

Mwanao mkosefu, Boikanyo

Letlhakane, 29 Machi 2015

Mwanangu,

Pole na mawazo. Mimi mzima, nakula na nalala, wewe usilie.

Kikao kilikaa. MmaSetso aliamriwa kusoma yote kwa sauti mbele ya wazee. Mothusi akaniuliza, "Shemeji, shali hii ya nani?" Nikasema yangu. "Kwa hiyo ulikwenda?" Nikasema nilikwenda. Wakaniongezea miezi sita. Sawa, mila ni mila, na niliijua kabla sijapanda gari.

Kilichoniuma ni kingine. MmaSetso alisoma mlivyovua viatu mkaingia majini, heroe wakaruka wote kwa pamoja, Kagiso akashindwa hata kupiga picha. Jamani, Boikanyo, si nilikuwa pale? Si nilikushika mkono? Nilisikiliza mpaka mwisho nikijitafuta, simo. Miaka yote ile nasubiri, halafu simo!

Usifute kitu. Andika upya, jina langu ulitie mwanzo kabisa, na useme nililia. Adhabu nimekwisha kupewa. Sasa nipe na safari yangu.

Mama yako, MmaBoikanyo