Dorothée na moto wa Lowa

Dada Sidonie, hautaamini. Mbele ya kucha nimesikia kifuniko cha sufuria kikigonga jikoni. Nikadhani paka. Kumbe Dorothée! Mgeni wangu tangu jana, anatafuta kaa la moto achemshe maji ya kunawa.

Yeye, moto! Dorothée wa mwaka 66!

Unakumbuka tulivyolala wawili, mimi na yeye, kwenye muchanga wa mto Lowa, mbali na kijiji, tukivua? Aliondoka na mutumbwi nikiwa usingizini, akabeba samaki wote tuliokausha, na kaa letu la mwisho. Alitaka mama mukwe wetu amusifu yeye peke yake. Siku tatu nilikula samaki mubichi kwenye mvua, mpaka Papa Honoré, yule muwindaji, akanipitia na ndizi ya kuchoma. Mungu amubariki.

Basi leo nikachukua maji, nikayamwaga motoni. Yote!

Nikamuwekea sahani: samaki mubichi, hata chumvi hakuna. "Kula, dada."

Sidonie, sikia. Miaka yote alisema mvua njo ilizima moto wetu kule Lowa. Leo akasema: "Ni mimi nilibeba lile kaa. Nilijua utabaki na njaa."

Na akala! Machozi yanatoka, anatafuna kwa meno yake machache.

Nikamufunga kitenge changu mabegani, baridi ilikuwa kali. Nikamusindikiza mpaka barabarani.

"Umenisamehe?"

"Umekula siku moja. Mimi nilikula tatu. Urudi kunitembelea, Dorothée. Urudi mara mbili."