Vigingi Juani, Shamba la Mama

Jumapili, 1 Agosti 1909
Misa ilijaa. Kisha maharage mapya kwa mama — nimeshiba hadi kulegeza kanga! Shamba lake mwaka huu limezaa, viazi kama ngumi za mume wangu Dominiko. Padre ametangaza: Bwana Misitu anapanda wiki hii kuweka mpaka. Juu ya vigingi ni msitu wa serikali, marufuku kulima, marufuku kuni. Eti mbao zinatakiwa, na mito isikauke. Sisi tuko chini kabisa, hatuna wasiwasi.

Jumanne, 3 Agosti
Balaa! Bwana Misitu, yule Mzungu, amekuja na mkalimani, Stambuli wa mjini. Mimi na mama tulikuwa na majembe mkononi, wakatupita, wakamwuliza Dominiko: shamba la nani? Naye kwa adabu zake akavua kofia. Akajibu: mimi mgeni tu hapa, nimeoa. Mkwe wa Kiluguru ajibu nini tena mbele ya mama mkwe? Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, si ya mume! Mzungu kusikia mgeni, basi, shamba halina mwenyewe. Kigingi kikapigwa upande wa chini wa shamba, lote likawa msitu. Mama akapiga kelele: langu, nimerithi kwa mama yangu! Stambuli akasema, bibi, hatuandiki wanawake. Nimelia kwa hasira.

Jumatano, 4 Agosti
Dominiko hajala. Anasema ametuponza. Mama amekuja na ndizi. Akamwambia: kesho wanapita tena, mkwe wangu, sema shamba ni lako. Dominiko akafunika uso: mama, nitakufa kwa aibu! Mama akamwambia aseme kwanza, afe baadaye. Tumecheka hadi machozi, na ndizi akala zote.

Alhamisi, 5 Agosti
Amesema! Sauti ya kuku mgonjwa, lakini amesema: langu. Stambuli kaandika Dominiko, kigingi kimepandishwa juu. Nimepiga vigelegele! Ila shamba la jirani Paskalia limekwenda. Mjane yule, hakuwa na mwanamume wa kumsemea. Mama kasema Paskalia atalima kwetu.

Sasa hivi wote wako hapa uani, viazi vinachemka, raha tupu. Mama anamtania Dominiko: haya, mwenye shamba, Paskalia tumkatie kipande wapi? Tumeangua kicheko. Dominiko naye amecheka, amekohoa, amesimama, na — jamani! — anaonyesha kwa kidole, kama mwenye shamba kweli.