Dhahabu Waliyoitafuta Shavuni Mwangu

Laini za Mgodini, Geita

Mwanangu Minza, mama Masanja,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili. Hamjambo hapo Samuye? Mtama umetoa masuke? Ng'ombe wanapata maji ya kutosha? Kifua cha baba Masanja kimeachia? Sisi huku tunaishi. Baba yako anashuka shimoni kama kawaida, na shavu langu limerudi mahali pake. Naandika mwenyewe kwa penseli, usicheke herufi zangu. Sikutaka kumwandikisha mtu, maana maneno haya si ya kupita mdomoni mwa jirani. Na wewe msomee mumeo tu, mkiwa ndani.

Nianze na mtoto, ndiye anayeninyima usingizi. Umeandika kwamba Masanja aliangushwa na ndama, jino lake la mbele likavunjika ncha, na sasa limekuwa jeusi ila haliumi. Tena umeandika kwamba mama yako mdogo Kabula, aliyefika hapo kwako kutoka huku, amesema usihangaike, atatoboa ufizi kwa mwiba ili uchafu utoke. Mwanangu, nakuomba kwa maziwa uliyonyonya kwangu, usikubali. Mwiba huo naujua. Umeingia mdomoni mwangu.

Halafu chini kabisa ya barua, kama mtu anayechungulia mlangoni, umeuliza, "Mama, ni kweli mlikutwa na dhahabu?" Niliposoma hapo baba yako akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, Minza anauliza habari tu. Basi kaa nikupe habari.

Unalikumbuka jino langu la juu, lile la rangi ya majivu? Ng'ombe alilipiga kwa pembe nikimkamua, wewe ukiwa mgongoni. Liliuma siku kidogo likanyamaza. Nikasema limepona, kumbe limekufa. Miaka yote hiyo nimekula nalo na kucheka nalo. Mwaka huu wakati wa palizi ufizi wa juu yake ukaanza kuinuka, pole pole, bila maumivu. Nikibonyeza unabonyea kama ganda la yai lililopasuka. Shavu likajaa upande mmoja. Wanawake wa bombani wakawa wananitania, "Mama Minza, hiyo karanga huimalizi tu kuitafuna?" Nacheka nao, nateka maji yangu, narudi.

Sasa Kabula. Unajua nilivyomlea baada ya mama yetu kufariki. Mgongo huu ulimbeba yeye kabla yako. Alipoolewa na askari wa mgodi nilifurahi kuliko hata bwana harusi, kwa sababu nilijua mdogo wangu atakaa laini moja ya nyumba na mimi. Kila siku alikuwa kwangu. Siku hiyo tulikuwa tumekaa nje juani, akaniambia, "Dada, lala hapa nikutoboe, unatembea na shavu kama umeficha boga." Nikaweka kichwa mapajani mwake. Akauchoma mwiba wa mgunga motoni, akautia ufizini.

Maji yakatoka, mengi, ya njano kama samli iliyoyeyuka. Aliyapokea kwenye lile bakuli langu jeupe la bati, lililobanduka rangi ukingoni. Jua likapiga mle ndani, tukaona vitu vidogo vidogo vinametameta.

"Dada, hii nini?"

"Usaha tu, mwaga."

"Usaha haung'ai, dada."

Akacheka, nami nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akanifuta kwa kanga yake. Nikasinzia pale pale mapajani mwake, mwanangu. Nilipoamka sikuuliza bakuli liko wapi. Nani anauliza bakuli kwa mdogo wake?

Huku mgodini, wanaume wakitoka shimoni wanapekuliwa nywele, kucha, mpaka chini ya ulimi, maana wapo waliowahi kutoka na chembe za dhahabu mdomoni. Na askari anayemfichua mwizi huangaliwa vizuri na wakubwa. Mume wa Kabula alikuwa anatamani kuwa mkubwa wa askari, hata wewe aliwahi kukwambia.

Kesho yake niko bombani, ndoo inajaa. Nikaona nyapara anakuja na tochi, ingawa ni mchana. Nyuma yake askari.

"Mama Minza, fungua mdomo."

"Nikufungulie wewe kama nani? Umekuwa mume wangu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Fungua, mama. Ni amri."

Nikafungua. Akamulika, akaingiza kidole, akabonyeza pale penye tundu la mwiba. Nilipiga kelele mpaka ndoo ikaanguka. Akawageukia wenzake, "Kweli, kuna kitu ndani." Wakasema baba yako anatoa dhahabu shimoni, nami naificha ndani ya nyama ya shavu. Ndipo nikamwona shemeji yangu, mume wa Kabula, ameshika bakuli la bati. Nililijua kwa ule ukingo.

Kabula alikuwa amesimama pale pale, ndoo kichwani. Nikamwita, "Kabula, waambie ulichotoa ni nini."

Akatazama maji yanavyomwagika. Akasema, "Mimi nilimwambia mume wangu nilichokiona. Basi."

Minza, neno hilo "basi" bado linanikaa kooni.

Baba yako walimtoa shimoni, wakamwambia asiguse kazi mpaka mambo yajulikane, na nyumba tujiandae kuiacha. Jioni akakaa mlangoni. Akasema, "Kumbe miaka yote nimelala kando ya mgodi, nahangaika bure kushuka shimoni." Tulicheka, kisha nikalia.

Na ule mwiba haukuniacha hivi hivi. Uso ulivimba mpaka jicho likafumba, nikashikwa na homa, na sasa ukawa usaha wa kweli, unanuka. Dresa wa mgodi, yule anayefunga vidonda, akanitazama, akasema si dhahabu wala si mkono wa mtu, hili ni la jino, lipelekwe Mwanza. Tukapanda lori, tukavuka maji kwa pantoni, kichwa changu kimefungwa kanga kama maiti.

Daktari wa Mwanza alinipiga picha ya mfupa, akaiinua kwenye mwanga nami nione. Juu ya ncha ya mzizi wa lile jino la majivu palikuwa na doa la mviringo, kubwa kama jicho la mbuzi. Akanieleza taratibu. Jino likifa, ndani yake panaoza, na uchafu unachungulia kupitia ncha ya mzizi. Mwili nao unajikinga, unajenga kifuko cha ngozi pale. Kifuko kinajaa maji, kinakua kidogo kidogo na kula mfupa, na mtu hasikii kitu, ndiyo maana anadanganyika. Nikamuuliza, na vile vinavyong'aa? Akatabasamu. "Ni mafuta ya mwili wako mwenyewe, mama. Yameganda yakawa vipande vyembamba kama magamba ya dagaa."

Mafuta yangu mwenyewe. Hayo ndiyo nusura tufukuziwe nyumba.

Walinipa dawa ya kutuliza usaha kwanza. Kisha wakanidunga sindano ya ganzi, wakapasua ufizi, wakang'oa jino, wakakitoa kile kifuko chote. Nilisikia wanakwangua mfupa, lakini maumivu hapana. Wakashona, wakanifundisha kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Daktari akanionyesha kifuko chenyewe, kimenywea kama kibofu cha samaki. Baba yako akakiomba. Walimtilia kwenye chupa yenye dawa.

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa nyapara, akaiweka chupa mezani. "Dhahabu ya mke wangu hiyo. Pimeni." Nyapara akaigeuza chupa, akamwita bwana mkubwa, bwana akaitazama, akafunika pua ingawa kizibo kilikuwa kimekaza. Baba yako akaambiwa arudi kazini. Pole hakuna aliyesema. Mume wa Kabula bado ni askari wa getini, hakupanda wala hakushuka.

Kabula hakuja kunitazama. Akifika bombani, wanawake wanaziba midomo kwa kanga mpaka amalize kuteka. Si mimi niliyewafundisha. Ndipo akafunga mzigo akaja huko kwako, na kwangu hakupita kuaga. Kama hapo anasema tulikutwa na dhahabu, sasa umejua.

Turudi kwa Masanja. Mpeleke hospitali ya Kolandoto, usingoje mavuno. Waambie jino liligongwa na limebadilika rangi. Niliuliza yote kwa ajili yenu kabla hata sijajua kama mtayahitaji. Daktari alisema si kila jino jeusi linaota kifuko, lakini jino lililogongwa au lenye tundu lisiachwe hivi hivi kwa sababu haliumi. Huenda watalisafisha ndani likabaki, huenda watalitoa, huenda watamwambia arudi waliangalie tena. Kifuko kikiwa kidogo ni kazi ndogo. Kikiachwa, taya linabaki jembamba hata linaweza kuvunjika kwa kutafuna. Mwiba unatoa maji tu, kifuko kinabaki na kujaa upya, na uchafu unakwenda ndani. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na asifungue chupa kwa meno kama babu yake. Mimi nimeambiwa nirudi Mwanza baada ya mavuno waone kama mfupa unajaa, maana kikibaki kipande kinaweza kuota tena. Nitakwenda.

Kabula usimfukuze. Mpe chakula, mpe mahali pa kulala, asije akasema watoto wa dada yake walimfungia mlango. Lakini kinywa cha mtoto asikiguse. Na wewe usiweke kichwa chako mapajani mwake.

Msalimie mkwe wangu, baba Masanja. Msalimie shangazi yako wa Mhunze ukimwona mnadani, na mama mkwe wako, mwambie mbegu zake za maboga zimeota vizuri hapa nyuma ya nyumba. Mbusu Masanja, mwambie bibi naye ana pengo, akija tutalinganisha. Baba yako anawasalimu nyote.

Kabula akiuliza kama nimemtumia salamu, mwambie mama ameuliza bakuli lake la bati.

Ni mimi mama yako anayekuwaza,
Mama Minza