Mluzi wa Kushoto

Jumamosi, 4 Machi

Wageni wanane leo, wote wa ofisi moja, wote viatu vyeupe! Niliwaonya tangu getini kwamba msituni kuna matope. Walicheka. Kufika kijito cha kwanza walikuwa wameshaacha kucheka.

Baba mbele na fimbo yake, mimi nyuma yake, wageni nyuma yangu. Ndivyo tunavyotembea, mwaka wa pili huu. Mluzi mmoja — kushoto. Miwili — kulia. Nikigonga fimbo chini — simama. Nikikohoa — kuna mtu amenyoosha mkono, mpe wako. Mluzi wenyewe ni wa yule ndege wa kijivu wa vichakani, nauigiza tangu nina meno ya utoto. Wageni wanadhani nacheza tu. Wenzangu kituoni wameniita Filimbi, wanafikiri nina furaha nyingi.

Baba wanamwita Mzee Ramani. Ameongoza wageni humu tangu sijazaliwa. Na haoni. Niandike wazi, hapa hasomi mtu: baba yangu haoni. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kufa hakirudi. Kimebaki kiduara katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hicho nacho kinazidi kuziba. Kituoni hakuna anayejua. Mimi ndiye ninayefanya wasijue.

Leo mama mmoja mwenye kofia pana aliuliza yule ndege mwekundu juu ya tawi ni ndege gani. Baba akainua uso, akaeleza yote, anakula nini, anajenga wapi, anagombana na nani. Ndege alishaenda zake zamani. Baba bado analielezea tawi! Wageni wakavunjika mbavu. Naye akacheka, akajifanya alikuwa anatania. Mimi nilicheka kuliko wote. Nakichukia kicheko changu kile.

Jumapili, 5 Machi

Baba kapiga kikombe cha chai, chali. "Nani kakiweka hapa?" Mimi. Nilikisogeza kidogo nipate pa kuweka kiwiko. Mama alifuta meza, akakijaza tena, akakiweka kulia, karibu na ukingo. Kumbe kila siku huwa kinakaa hapo. Sikuwahi kuona.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua imekatika. Nimepanda peke yangu kukagua njia, kama kila wiki. Nikirudi humsimulia baba: hapa pamebomoka, hapa jiwe limegeuka, hapa kuna tawi usawa wa paji la uso. Anasikiliza amefumba macho. Ukimwambia mara moja, limekaa.

Leo, kwenye njia panda — nyayo! Pana, maji ndani yake bado machafu. Zinashuka kushoto, kwenye matete. Na kinyesi kinafuka mvuke. Nyati. Mmoja, wa peke yake, na hao ndio wabaya, madume yaliyofukuzwa kundini, yana kisirani na kila kitu. Nikasikia tete linavunjika. Halafu kimya. Kimya kile cha kitu kikubwa kinachosikiliza. Nikajikuta nimekumbatia mti, sikumbuki nilivyoufikia. Nilirudi kinyumenyume mpaka kijitoni, roho mkononi, kisha nikatimua mbio bila aibu.

Mkuu wa kituo ameifunga njia ya kushoto. Wote tupite kulia, njia ya juu, mpaka apatikane askari wa kumfukuza huyo dume.

Nimemwambia baba. "Kulia," akasema. "Miwili." Akarudia kuosha miguu yake.

Jumamosi, 11 Machi

 Mwandiko huu hata mimi sitausoma kesho.

Wageni sita. Watu wazuri, wapole, mmoja mwalimu mstaafu anayeuliza jina la kila jani. Karibu na njia panda dada mmoja kiatu kikamng'oka soli. Nikainama kumfungia na kamba. Dakika moja. Baba akaendelea mbele, najua anahesabu mizizi kwa miguu, najua atangoja mluzi wangu.

Ukapigwa mluzi. Mmoja.

Si mimi! Ndege mwenyewe, wa kijivu, yuko zake kichakani anaimba asubuhi yake. Baba akakata kushoto bila kusita, mwalimu nyuma yake, wengine nyuma ya mwalimu. Anajua kushoto kumefungwa, lakini mluzi wangu haujawahi kumdanganya; atakuwa amedhani nimeona kitu kulia.  Nikapiga miluzi miwili, kavu, hewa tupu. Nikapiga kelele "Baba!" — wakageuka wageni wote isipokuwa yeye. Alidhani namwita kwa habari ya kiatu. Akapunga mkono kwamba njooni taratibu, tunawasubiri chini.

Nilikimbia. Nilipofika, nyati alikuwa ameshasimama kutoka kwenye tope. Mweusi, anachuruzika maji, pembe moja imevunjika ncha. Karibu, karibu mno. Baba alikuwa ameshamsikia, au amemnusa. Aliwaambia wageni kwa sauti ya chini sana: rudini nyuma ya miti, msikimbie, msigeuke. Wakamtii. Yeye akabaki mbele, fimbo chini, mkono mmoja juu, kifua wazi.

Amekielekea kisiki.

Nyati alikuwa upande wake wa kulia, na baba yangu anakilinda kikundi dhidi ya kisiki cha mti kilichooza. Anakisemesha. "Haya, mzee mwenzangu, hatuna ugomvi." Kama mnyama angetaka, baba asingejua alikotokea. Nilijikojolea kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Nyati alipuliza pua mara mbili. Akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akageuka, akazama kwenye matete, na matete yakawa yanavunjika mbali, mbali zaidi.

Na wageni wakapiga makofi! Wallahi, makofi. Dada wa kiatu analia na kucheka. Mwalimu anamshika baba bega, anamwambia hajawahi kuona mtu mwenye moyo kama ule: hata kwa macho hakumwangalia mnyama, alimdharau! Nilikohoa, kwa sababu mikono ilikuwa inanyooshwa. Baba akawapa wote mkono.

Jumapili, 12 Machi

Baba alingoja mama atoke kwenda uani. Ndipo akauliza kama mluzi ule ulikuwa wangu. Nikasema hapana.  Akasema basi tubadilishe mluzi.

Tubadilishe mluzi! Nilipandwa na hasira, nilisema maneno ambayo sikujua ninayo. Kwamba angeua watu. Kwamba angekufa huku anakibembeleza kisiki. Hakuwa anajua habari ya kisiki. Nilimwona uso unavyobadilika. Ningeweza kuyameza maneno yale ningeyameza hapo hapo.

Nikamwambia kesho naenda kwa Mkuu. Akasema nenda, lakini siku ya kusema niseme mbele yake. Nisimsengenye.

Jumatatu, 13 Machi

Nimekwenda hata hivyo, peke yangu. Ofisini nikamkuta Mkuu amesimama, anacheka peke yake. Yule mwalimu amempigia simu. Amemsifia baba kwa saa nzima. Kwamba tulipita njia aliyoifunga, Mkuu hata hakuuliza. Sasa Mkuu anataka Mzee Ramani aongoze watoto wa shule Jumamosi, arobaini, wanakuja na basi. Nani mwingine wa kuaminiwa na watoto? Baada ya hapo awafundishe na waongozaji wapya. Akanivutia kiti. Akanimiminia chai.

Nami nikasema asante! Nikanywa chai! Nikarudi nyumbani na chai ya watu tumboni na neno langu bado mdomoni. Mpumbavu mkubwa.

Jumatano, 15 Machi

Nilimfuata mama anakoanika nguo. Nikazunguka, nikazunguka, mwisho nikasema: mama, baba haoni. Hakugeuka. Akabana shati kwa vibanio viwili. Akaniuliza nadhani ni nani anayepanga viti ndani ya nyumba hii. Lini niliona kiti kimehama? Lini niliona ndoo mlangoni? Dada zangu wakija na watoto wao, ni nani anayepita nyuma yao kuokota kila kitu sakafuni?

"Mimi nimemficha ndani, wewe umemficha nje. Kazi tumeifanya vizuri mno."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema baba yangu akikaa nyumbani atakufa kwa kukaa. Nikasema Jumamosi ni watoto, mama. Arobaini. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo mbichi mapajani, zikamlowesha.   

Ijumaa, 17 Machi

Baba amenitoa kufanya mazoezi ya ishara mpya. Kugonga mawe mawili, sauti ambayo hakuna ndege aliye nayo. Tumepanda mpaka kijito cha kwanza, sisi wawili tu. Nilikuwa nimenuna, nikadhani nitanuna njia nzima.

Haikuwezekana. Alikuwa na furaha! Alinisimamisha chini ya mti, akaniambia juu yetu kuna mbega watano, na mmoja ana mtoto. Nikaangalia. Majani matupu. Ngoja, akasema. Tukangoja. Mkia mweupe ukashuka, kisha mwingine, mmoja, wawili... watano, na wa mwisho ana kitoto cheupe pee kimemng'ang'ania tumboni. Nilimuuliza amejuaje. Anasema mama mwenye mtoto haruki, anavuka, tawi linalia tofauti. Akaniambia nifumbe macho nami nisikilize. Nikafumba. Nikasikia maji, na moyo wangu basi. Akanicheka, akanipiga kofi dogo la kisogo kama zamani.

Nampenda baba yangu. Ndiyo shida yenyewe.

Tulipokuwa tunashuka nikamwambia watoto wana kelele, mawe hayatasikika. Akasema watanyamaza, watoto wakiambiwa kuna chui hunyamaza. Nikamwambia baba, acha. Mwombe Mkuu niongoze mimi kesho, wewe uje nyuma. Akasema akishakaa nyuma mara moja ndiyo basi, hatarudi mbele tena. Hakusema kwa hasira. Kama anayesema leo kuna mawingu.

Hivyo kesho nasema, mbele ya Mkuu, mbele ya baba. Nimepiga moyo konde. Mvua inaanza tena.

Jumamosi, 18 Machi

Nimekaa benchi la nje ya ofisi, chini ya dirisha. Nimetolewa. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nilipanda alfajiri kukagua. Mvua ya jana imeangusha mti mkubwa ng'ambo ya kijito cha pili, kwenye njia ya juu. Umeng'oka na mizizi yote, umeondoka na njia. Pale palipokuwa pazuri kuliko pote pamebaki shimo, na ukingo wake bado unamomonyoka. Nilishuka moja kwa moja kumwambia Mkuu. Akasema sawa, mtalizungukia shimo kwa juu. Baba sikumwambia. Niliogopa nikianza kumsimulia njia nitamaliza, na lile lingine nisiliseme tena.

Alipofika nikamshika mkono, nikaingia naye ofisini. Nikasema. Yote, kwa pumzi moja, macho yangu kwenye meza.

Na baba akacheka! Akamwambia Mkuu, "Msichana huyu ana haraka, anaitaka fimbo yangu kabla sijaiacha." Kwamba tangu habari ya nyati, sifa anazopewa yeye zimenichoma. Mimi!  Mkuu akacheka naye, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akainuka, akasema mambo ya nyumbani mtayamaliza nyumbani, akanyoosha mkono juu ya meza. "Hongera, mzee. Watoto wanafika."

Kikohozi kilikuwa hapa, kooni. Nilikizuia. Machozi yalinitoka, nikakizuia.

Mkono wa Mkuu ukabaki hewani. Baba anatabasamu, uso kaelekeza dirishani. Mkuu akautazama mkono wake, akanitazama mimi. Akaurudisha polepole. Akaniambia kwa upole nikasubiri nje.

Basi limefika. Watoto wanashuka, kelele tupu, kila mmoja na chupa ya maji shingoni. Mwalimu wao, binti wa umri wangu, ameniuliza ni nani atawaongoza. Nimemwambia asubiri kidogo. Amekaa kando yangu.

Ndani Mkuu hamuulizi habari za macho. Amemwambia tu: haya, mzee, niongoze kwa mdomo, toka getini mpaka maporomoko.

Baba ameanza. Dirisha liko wazi, nasikia kila neno. Ngazi za udongo, mzizi wa kwanza, wa pili unateleza. Jiwe lenye mgongo. Njia panda, kulia, shika ukuta wa mwamba. Hakosei! Sijui mtu mwingine anayeweza. Mwalimu ananong'ona, ni nani huyo anayehadithia vizuri hivyo? Nimemwambia ni baba yangu.

Amefika kijito cha pili. Amevuka. Sauti yake imechangamka, naijua sauti hiyo. Anasema hapo ng'ambo sasa ni tambarare safi, hakuna hata kijiwe, hapo ndipo huwa anawaachia watoto watangulie wakikimbia.

Hapo hapo pana shimo tangu jana; Mkuu anajua, baba hajui, na mimi ndiye sikumwambia.