Pazia Kati ya Folau na Lesieli

Nuku'alofa, Alhamisi

Kaka Semisi,

Huku ni mvua tu, na nguruwe wako kazaa tisa. Duka la kushona ulilonikabidhi linaenda, ila wiki hii limenipa maswali.

Lesieli alikuwa anapoteza muda kufuata vitambaa kwa Folau, mkataji wetu. Nikaisogeza meza ya Folau mpaka ikagusa cherehani ya Lesieli. Badala ya mashati ishirini kwa siku, yakatoka kumi na moja! Folau, na ucheshi wake wote, kanyamaza kama yuko msibani. Lesieli kainama, haombi hata mkasi.

Nikamvuta kando. "We Lesieli, mmegombana?"

"Hata, dada. Bibi zetu ni tumbo moja, kwa hiyo yule ni kaka yangu. Dada na kaka huheshimiana, hawaongei ovyo pamoja; nitakaaje naye hapo akipiga porojo zake?"

Niliona haya. Mtonga mzima mimi, nimepima hatua zao, nisiulize undugu wao! Nimetundika pazia katikati, vitambaa vinapita chini yake. Jana yametoka mashati ishirini na manne. Folau anawachekesha wenzake, Lesieli anajifanya hasikii.

Basi nikatamani kuipima kazi yangu pia. Nikaandika yote ninayofanya kwa siku, yakajaa kurasa mbili. Vifungo vyote nashona mimi, na kidole gumba hakikunjiki tangu Pasaka. Kwenye simu nisingeweza kukwambia, maana wewe nawe ni kaka yangu.

Isome hii kama nimekaa upande wa pili wa pazia.

Dada yako,
'Ilaisaane