Panya Hawavuti Tena Mguu

12 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na kwa mdogo wangu. Kazi ya maabara nimeizoea. Tunawavutisha panya mvuke wa gundi ya viatu, kisha nawagusa unyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni. Panya mzima huvuta mguu mara moja, nami naandika: amehisi. Ndiyo kazi niliyosomea, usicheke! Siku ya kwanza kopo lilipofunguliwa nilikuona unaingia mlangoni jioni kutoka kiwanda cha viatu, nguo zako zikinuka vilevile. Machozi yakanitoka. Mkuu wangu akadhani ni gundi.

Mwanao

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Kumbe umesoma kote huko ukaishia kutekenya panya! Niliwasimulia wenzangu kiwandani, tukacheka mpaka msimamizi akaja kuchungulia.

Mimi uzee tu unabisha hodi. Juzi nilitoka chumbani na ndara moja, nyingine imebaki njiani wala sina habari. Mdogo wako alicheka mpaka akakaa chini. Jana napika, nanusa kitu kinaungua, nikakoroga mboga mbiombio. Kumbe ni kidole changu kimeegemea sufuria. Hakikuuma hata kidogo. Usijali, nimepaka dawa.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Hofu ni kwako, na leo sisemi kwa mazoea. Barua yako niliisoma nimesimama, nikashindwa kukaa.

Panya hawavuti tena mguu. Naukandamiza uzi mpaka unapinda, wao wananitazama tu. Wengine wanaburuta miguu ya nyuma. Nilimuuliza mkuu wangu, "Na mtu je, akishinda kwenye gundi hii kila siku?"

Akavua miwani. "Una nani huko?"

Nikamwonyesha barua yako.

Mama, si uzee. Acha kazi hiyo. Nenda hospitali, waeleze habari ya gundi na chumba kile mnachogundishia viatu, kisicho na madirisha. Ukiwahi, hisia zinaweza kurudi polepole. Nijibu, nakuomba. Siku nzima nasugua vidole vyangu nione kama bado vinahisi.

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Barua ilifika? Umeacha? Niandikie hata neno moja.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usinione nimekupuuza, kalamu inaniponyoka, ndiyo maana herufi zinayumba hivi. Nimekutii. Kazi nimeacha. Daktari alinichoma kidole kwa sindano huku nimefumba macho, nikamuuliza ataanza lini. Naye hakucheka. Hapo ndipo niliogopa. Ameniambia nipumzike.

Barua yako nilimficha mdogo wako, ana moyo mwepesi. Na habari ya nyumbani isikusumbue, msimamizi kanitendea wema, nafasi yangu haikupotea. Mdogo wako ameanza Jumatatu. Kichwa kinamuuma kidogo, nimemwambia atazoea. Mimi nilikaa mle miaka na miaka, yeye bado kijana, damu inachemka.

Mama yako

Ujumbe kwa simu ya jirani, 24 Aprili

Jirani, namba yako nimeipata leo, tafadhali msomee mama sasa hivi, kabla mdogo wangu hajatoka:

Mama, asiende. Mfungie mlango, mfiche viatu, jifanye umeanguka, lolote. Niko njiani nakuja. Panya wetu wote walikuwa vijana.