Mdogo Wako Anakuja na Besi Lake

Ghorofa ya tatu, mlango wa saba,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Habari za huko? Habari za shuleni kwako, na za lile goti? Nilisikia wamekuhamishia ofisi ya chini, kwa hiyo mwalimu mkuu sasa anapanda hasira tu, ngazi hapandi tena. Mama mkwe anapata usingizi? Macho yake je? Sisi huku wazima. Chiriku wetu kang'oka meno mawili ya mbele na bado hanyamazi. Mimi niko maabara, kutwa nachungulia damu za watu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja tu mdogo wako, mtandao wa kwenu unakuwa mbovu. Karatasi haikatiki. Ukitaka kuichana ichane, ila isome kwanza.

Anakuja huko. Ameondoka leo asubuhi na wenzake watatu, watapita miji miwili, kisha Ijumaa tarehe 26, saa kumi na mbili jioni, watapiga muziki katika ukumbi wa chuo cha ufundi hapo mjini kwenu. Hajui kama nakuandikia. Tangu atoke nimefagia sebule mara mbili, nimepanga vikombe nikavipangua. Ukiona naruka kutoka jambo hili kwenda lile, nivumilie. Sikai nikatulia.

Huko mnasema alifukuzwa bendi. Hakufukuzwa, nilikuwepo. Ilikuwa hafla ya watu wa benki. Miaka kumi na miwili alikuwa anavaa lile koti jekundu na kupiga nyimbo zile zile, kwa mwendo ule ule. Siku hiyo, katikati ya wimbo wa taratibu, akachukua upinde wa besi, lile zeze lake refu kuliko mtu, akaanza kupiga jambo lake chini ya wimbo, sauti kama meza nzito inaburutwa chumba cha jirani. Wachezaji wakasimama, mikono mabegani mwa wenzao. Kiongozi wao, yule wanayemwita Kamanda, akamwinamia sikioni.

“Piga tunavyopiga, au shuka.”

Akashuka. Akalitundika koti kwenye kiti, akalibeba besi na kupita nalo katikati ya watu: “Samahani mama, samahani mzee, nipishe kidogo.” Mimi nyuma nimeshika upinde, uso nimeuficha kwa mkoba.

Kuanzia hapo hakukuwa na raha, nisikudanganye. Alitungia jikoni kwa sababu vigae vinarudisha sauti. Alichomeka vibanio vya nguo kati ya nyuzi ili zikwaruze, nguo zangu zikawa zinapeperuka hadi kwa fundi viatu wa chini. Siku moja huyo fundi akanisimamisha ngazini kwa huruma ya kweli: “Mama Chiriku, kabati lenu linaumwa?” Muziki wenyewe anauandika kwa mishale na mistari, kama ramani ya mtu aliyepotea. Akila, vidole vinacheza mezani. Akilala, miguu inatembea. Unajua mwenyewe nilivyokuwa nikiliita besi lile mke mwenzangu. Siku hizo niliona mimi ndiye mke mdogo.

Onyesho lake la kwanza walikuja watu thelathini na mmoja, niliwahesabu. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, “Hivi wameshaanza, au bado wanakaza nyuzi?” Wakaanza kutoka. Na wifi, mimi pia nilitoka. Nilisimama nje kwenye baiskeli nikalia kwa aibu, yake na yangu. Nikarudi mwishoni, akaniona ninavyoingia.

Nyumbani akauliza, “Ulitoka tulipofika wapi?”

Nilidhani ananisimanga. “Sehemu ya tatu,” nikasema. “Nilishindwa.”

“Hapo hapo! Mimi mwenyewe niliogopa hapo, nikakatisha.”

Kesho yake akairefusha sehemu ya tatu mara mbili. Nilitamani kumtupia sufuria. Lakini mtangazaji mmoja wa redio akaja kuisikiliza, akairusha, na barua zikaanza kufika: nyingine za matusi, nyingine za watu wanaouliza atapiga wapi tena. Sasa ana rekodi tatu, anafundisha chuoni siku mbili kwa wiki, na vijana wanasafiri kuja kumwona. Hatujatajirika. Ila siku hizi hakuna anayeuliza kama wameshaanza.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Baba alipofariki, mdogo wako alifika siku ya tatu, kaburi limeshafukiwa, besi mgongoni. Ukamwambia mbele ya watu, “Baba hukumzika, lakini mkeo mkubwa hukumwacha.” Akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo ni miaka minne, na nyumba zetu mbili zimenuna. Wewe uliamini habari zilichelewa kumfikia. Hazikuchelewa. Nilimpigia mimi, akapokea akiwa mlangoni mwa studio, na wenzake wanamsubiri. Akaingia akarekodi siku nzima, na siku iliyofuata. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, “Ningetoka, nisingejua pa kupeleka mikono.”

Simtetei. Alikosea, naye anajua, ndiyo maana hajawahi kukujibu. Mimi nilinyamaza kwa kuogopa utamchukia zaidi. Lakini mtu akikuchukia, heri akuchukie kwa jambo la kweli. Rekodi ile ninayo. Niliisikiliza mara moja tu. Kuna mahali wenzake wote wananyamaza, anabaki yeye na uzi mmoja mnene, anaurudia na kuurudia, na unamsikia anavuta pumzi kama mtoto aliyelia sana. Wasikilizaji wanasema ni ufundi. Sisi ndio tunajua ni nini.

Nenda ukumbini, wifi. Usiende kwa ajili ya muziki, huenda hutaupenda. Nenda umwone. Nywele zimekuwa nyeupe juu ya masikio, kama za Baba. Ukiwa na la kumwambia mwambie, hata kama ni kali. Ataweza kulibeba. Kinachomla ni huu ukimya. Akitoka nyumbani anaaga, anafika mlangoni, anarudi, anauliza kama umepiga simu. Leo asubuhi aliuliza. Nikamwambia bado.

Namba yake haijabadilika. Wewe ndiye mkubwa.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, mwanao fundi umeme, pacha mnene na pacha mwembamba. Mpe mama mkwe mkono wangu, mwambie Chiriku anajua sasa kuandika jina lake. Mungu awafunike kwa amani hapo ndani, alilainishe goti na kilicho juu ya goti.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,

Mama Chiriku